Basi Zima la Kuomba Msamaha

Nianze na kosa langu mwenyewe, maana nikianza na la mwenzangu mtasema Bi Moto ameanza tena. Ndivyo wanavyoniita kazini. Mimi ni msimamizi wa tanuri katika kiwanda kidogo cha mikate, nimesimama mbele ya moto miaka ishirini na miwili, na wapo wanaosema moto huo umenihamia mdomoni. Wana sababu zao.

Miaka kumi na tisa iliyopita nilimfungia dada yangu mlango. Nasema mlango hasa, wa mbao, wenye komeo, na yeye amesimama nje na mkoba wake, tope limempanda hadi kwenye vifundo vya miguu. Tulikuwa tumemzika mama jana yake. Mimi ndiye niliyemuuguza mama miezi saba, nikamlisha kwa kijiko, nikamgeuza kitandani, na dada yangu, mzaliwa wa kwanza, aliyeolewa mbali, akafika siku moja baada ya mazishi. Akasema daraja limekwenda na maji. Nikamjibu mbele ya waombolezaji wote, "Aliyekuzaa kazikwa. Rudi ulikotoka, mimi sina dada." Nikafunga. Alilala kwa jirani, alfajiri akapanda basi akarudi kwake, hata kaburi hakuliona.

Wiki ya pili nikasikia kwa watu wengine kabisa kwamba daraja lilikwenda na maji kweli.

Mtu mwenye akili zake timamu angefanya nini? Angeomba msamaha siku hiyo hiyo. Mimi nikajitia hamnazo. Mwezi ukapita, mwaka ukapita, na kila mwaka ulivyopita neno lile moja, nisamehe, likazidi kuwa zito mdomoni, na huu ni mdomo ambao kwa mambo mengine yote hauna breki. Mwishowe nikazoea kusema kwamba sina dada, na watu wapya kazini wakaamini.

Sasa, mwezi uliopita, niko mbele ya tanuri natoa mikate, simu ikalia. Mtoto wa kiume wa dada. Mara ya mwisho kumsikia alikuwa bado anang'oka meno ya utoto. "Shikamoo, mama mdogo," akasema kwa sauti nzito ya mtu mzima. "Mama anahama. Dada yangu kamwita ng'ambo akakae naye, kuna mjukuu mchanga. Anaruka tarehe ishirini na nane. Sikwambii ufanye lolote. Nimeona tu ujue."

Nikasema marahaba, nikasema asante mwanangu, nikakata simu, nikabaki nimeshika koleo langu refu la mbao kama mtu aliyesahau kazi yake. Mwanamke wa miaka sitini na minne akienda ng'ambo kulea mjukuu, harudi kesho. Huenda asirudi kabisa. Nilikuwa na wiki tatu za kusema neno moja.

Na mniangalie nilivyo. Badala ya kupanga nitasemaje, nikaanza kupanga nitafikaje bila kuonekana nimekwenda kusema. Nikienda peke yangu, nimekwenda kuomba msamaha, na yeye atajua kabla sijashuka kwenye gari. Nikienda na kundi la watu, aa, mimi napita tu! Niko matembezini na wenzangu! Kumbe ndipo unapokaa hapa? Upumbavu, najua. Lakini ulikuwa upumbavu wangu na niliupenda.

Tanuri ndilo lililonifungulia njia. Tanuri letu ni la matofali, na lilikuwa limepasuka mgongoni. Fundi akatwambia lazima lipoe, libomolewe upande mmoja, lijengwe upya, siku nne nzima bila moto. Bosi wetu hajawahi kufunga kiwanda hata siku aliyooa. Alikuja kwenye meza ya kukandia, akapangusa unga mikononi, akasema, "Tunafunga. Na kwa kuwa tunafunga, nimekodi basi. Sote kumi na mmoja tunakwenda likizo. Wapi, mtachagua wenyewe."

Weee! Mngesikia kelele! Karani wetu, mama mmoja mnene mwenye sauti ya kengele, alimwacha mteja dirishani na mkono umenyooshwa akaja kucheza nyuma. Mkandaji wetu, tunamwita Jitu kwa sababu kichwa chake kinagusa fremu ya mlango, alimwinua dereva wa gari la mikate akamzungusha hewani kama mtoto. Nami nilicheka na kupiga vigelegele, huku kichwani nahesabu. Basi. Watu. Siku nne.

Sasa niwaeleze desturi yetu. Kwetu mtu akirudi likizo lazima atusimulie alikokwenda, na anasimulia kwa muda wa trei moja ya skonzi. Trei ikiingia tanurini, anaanza. Trei ikitoka, ananyamaza, hata kama yuko katikati ya neno. Sheria hiyo aliileta karani bila kutaka, mwaka aliorudi ng'ambo kwa binti yake, akasimulia mpaka unga ukaumuka ukafurika mabeseni na kushuka sakafuni. Basi tukakubaliana kuchagua vivyo hivyo. Anayetaka kutupeleka mahali, atusifie mahali pake kwa muda wa trei moja. Kisha kila mtu achukue skonzi moja aiweke mbele ya aliyemvutia. Kujipigia mwenyewe marufuku.

Dereva alianza. Jamani, yule mtu anajua kusema! Akatupeleka mji wa milimani alikowahi kupeleka mzigo, ambako ukizungumza asubuhi moshi unakutoka mdomoni. "Na kuna maji yanatoka ardhini yanachemka yenyewe," akasema. "Hakuna kuni, hakuna mkaa. Wameyakinga kwenye bwawa la mawe. Unaingia mpaka shingoni, mwili unapikwa, na juu mvua ya baridi inakunyeshea kichwani. Nililia, haki ya nani. Nililia kwa raha." Watu wakahema kwa pamoja. Mimi nikaanza kutokwa na jasho, na si la tanuri.

Akafuata Jitu. Alisimama, akakunakuna shingo, akasema, "Kuna ziwa. Katikati kuna kisiwa. Nilikaa siku mbili na hakuna mtu aliyeniambia nikande." Akakaa. Trei yake ikaiva sisi tumenyamaza tunatazamana.

Karani naye akataka zamu. Tukamwambia, mama, basi halivuki bahari. Akasema analijua hilo, lakini atasema na tutamsikiliza. Akatusimulia theluji, jinsi asubuhi ya kwanza alivyofungua mlango akaona vitu vyeupe vinashuka, akaangalia juu kwenye ghorofa akapiga kelele, "Nani anachekecha unga huko! Unaumwaga wote!" Binti yake alimvuta ndani kwa aibu. Akatusimulia treni zinazopita chini ya ardhi, na ngazi zinazotembea zenyewe, jinsi alivyosimama juu yake robo saa ameng'ang'ania ukingo huku foleni ya watu ikijaa nyuma, mpaka mzee mmoja asiyemjua akamshika mkono, akamhesabia kwa lugha yake, moja, mbili, tatu, wakaruka pamoja. "Kufika chini nikamwambia turudi tena," akasema. "Tukarudi mara nne." Mbavu hatuna. Bosi alikuwa anafuta machozi kwa aproni.

Kisha mimi. Lo! Ningesema nini? Mji wa dada yangu sijawahi kukanyaga. Nilichojua ni kwamba reli mbili zinakutana pale na kwamba dada yangu yupo. Na mimi ndiye ninayelinda tanuri, kwa hiyo nikafanya kitu ambacho sijawahi kufanya tangu niajiriwe: niliposukuma trei yangu ndani, nikauacha mlango wa tanuri wazi upana wa vidole viwili, joto lipungue, skonzi zichelewe kuiva, nipate muda.

Nikafungua mdomo, ukaenda wenyewe. Nikawapa maporomoko ya maji yenye ngazi saba. Nikawapa bustani yenye vipepeo wakubwa kama visahani. Nikawapa kilima ambacho ukisimama juu yake unaona nchi tatu, na ukiwa na macho mazuri, nne. Nikawapa hoteli yenye vyumba vinavyoelea, na mwanamuziki mzee anayepiga zeze ukiwa unaoga. Kadiri nilivyosema ndivyo nilivyopaona, wallahi, nikaanza kupatamani mwenyewe. Karani alikuwa ameshika mashavu. Nilipotoa trei, macho yote yalikuwa yanang'aa.

Skonzi zilikuwa nyeupe kama karatasi.

Bosi akachukua moja, akaiminya, akaigeuza chini juu. "Bi Moto," akasema taratibu, "hizi zimekaa ndani kuliko za wote. Mbona hazijaiva?"

"Kuni mbichi," nikasema.

Akanitazama muda. Halafu akaitia mdomoni, mbichi vile vile, akaitafuna yote. Tukapiga kura. Dereva skonzi nne, Jitu mbili, mimi tano. Jitu nilimpigia mimi, kwa kuwa nilijua hawezi kunishinda. Nilikuja kugundua ile ya pili Jitu alipewa na dereva kwa hesabu hiyo hiyo, mjanja yule.

Basi siku ikafika, tukaondoka jua ndiyo linachomoza. Mkitaka kuona furaha, wawekeni wapika mikate ndani ya basi asubuhi, watu ambao saa ile kila siku wamejaa unga hadi kwenye nyusi. Karani alivaa kofia pana mpaka aliyekaa nyuma yake akalalamika haoni dunia. Jitu alishika dirisha kwa mikono miwili akitaja kila anachokiona: "Ng'ombe! Daraja! Ng'ombe wengine!" Dereva wetu, kwa kuwa siku hiyo alikuwa abiria, alimwelekeza dereva wa basi njia nzima mpaka yule bwana akasimamisha gari akamuuliza kama anataka usukani. Wakaimba, wakataniana, na kila baada ya kitambo mtu mmoja ananigeukia: "Bi Moto, wale vipepeo ulisema wanatua mkononi?" "Wanatua," nasema. "Na yale maporomoko mtu anaruhusiwa kuoga?" "Kabisa."

Saa nane mchana tukafika. Tambarare. Yaani tambarare hadi upeo wa macho, hakuna kilima hata cha kusimamia kuku. Kituo cha reli, ghala, mabehewa yenye kutu, barabara moja ya lami, nyumba za bati zimejipanga pande zote mbili na vumbi juu ya kila kitu. Nyimbo zikakatika moja baada ya nyingine. Dereva wa basi akauliza, "Maporomoko ni upande gani, mama?"

Watu kumi wakanigeukia. Nilitaka kusema tumekosea njia. Nilitaka kusema labda kuna ukame. Uongo ulikuwa tayari kwenye ulimi, umepangwa vizuri, na ghafla nikachoka nao.

"Hakuna maporomoko," nikasema. "Hakuna kitu. Nina dada hapa. Nilimfungia mlango mama alipokufa, na wiki ijayo anahamia ng'ambo, na nimeogopa kuja peke yangu."

Ebo! Karani alivua kofia akaitupa chini. "Wewe mwanamke!" akafoka. "Nimenunua mpaka miwani ya vipepeo!" Nani ajuaye miwani ya vipepeo ni nini, lakini alikuwa nayo, akaitikisa mbele ya pua yangu. Dereva akasema yeye alikuwa na maji ya moto, ya kweli, amepigwa na vipepeo wa uongo. Wakapiga kelele wote kwa pamoja. Nilikaa nikazipokea, maana zilikuwa haki yangu.

Bosi akainuka, akasimama katikati ya viti. "Mimi nilijua ana jambo," akasema. "Miaka ishirini na miwili hajanitolea mkate mbichi. Siku ile katoa trei nzima. Nikasema huyu ana shida kubwa kuliko likizo yangu." Kisha akanigeukia. "Nyumba ni ipi?"

Nikawaonyesha ujumbe wa mpwa wangu wenye maelekezo. Basi likaingia uchochoro wa nyuma ya reli, likasimama mbele ya nyumba ya mlango wa kijani. Mwanamke mrefu mwenye miwani alitoka akijifuta mikono. Dada. Amekonda, nywele zimekuwa nyeupe zote. Akatazama basi, akatazama nyuso kumi na moja madirishani, akashangaa.

"Karibuni," akasema. "Mmepotea? Huku hakuna cha kutalii."

Nilikuwa nimeshuka, nimesimama mbele yake, na sauti haikutoka. Hata salamu. Aliniona, uso wake ukafungika palepale kama dirisha. Karani ndiye aliyeniokoa, bado amekasirika, bado kofia iko chini ndani ya basi. "Hatujapotea, dada," akasema. "Tumekuja kukutalii wewe. Tumeambiwa hakuna kingine mji huu."

Dada yangu hakucheka, lakini alikuwa na adabu za nyumbani kwetu. Aliwapa wote mkono, mmoja mmoja, akawauliza habari za safari, akawaingiza ndani. Mimi alinipita. Nikaingia nyuma ya Jitu nikasimama karibu na mlango.

Sebuleni cherehani ilikuwa imefunikwa shuka, na masanduku mawili mapya yamesimama pembeni. Tukaletewa chai. Mazungumzo yakawa ya shida, mpaka karani akayaona masanduku akauliza anakwenda nchi gani. Dada akaitaja. Karani akaruka kutoka kwenye kiti, chai ikamwagika. "Kwa binti yangu! Ni huko huko!"

Hasira zikaishia hapo. Dada yangu akakaa ukingoni mwa kiti, akamsogelea, na nikaona kitu ambacho sikukitegemea: alikuwa anaogopa. Hajawahi kupanda ndege. Wiki nzima halali. "Mwenzangu, niambie kweli," akasema kwa sauti ya chini, "choo cha ndege kiko wapi, na unaombaje kwenda?"

Haya, mngewaona! Karani akawaamrisha wote wasimame. Viti vikapangwa viwili viwili, njia katikati. Dereva akakaa mbele na mfuniko wa sufuria mkononi, rubani. Jitu akapewa kitambaa begani, mhudumu, akawa anapita njiani kwa upande kwa sababu mwili hautoshi, akiuliza kila mtu, "Chai au juisi? Chai au juisi?" Bosi akawa ofisa wa pasipoti, mkali kweli, akamrudisha dada mara mbili kwa kutotabasamu kama kwenye picha. Karani akamfunga mkanda kwa kamba ya kanga, akamfundisha kumeza mate masikio yakiziba. Ndege ikaruka, dereva akanguruma mpaka mishipa ya shingo ikamtoka, wote wakalaza migongo nyuma. Wakatua. Wakamshusha, wakampandisha kwenye ngazi zinazotembea, yaani mkeka uliovutwa na vijana wawili wa kiwandani, karani amemshika mkono anahesabu, "Moja, mbili, tatu, ruka!"

Dada akaruka. Na akacheka.

Alicheka kama mama. Kichwa nyuma, mkono kifuani, kile kikohozi kidogo mwishoni. Miaka kumi na tisa sijakisikia kicheko kile, na muda wote kilikuwa hapa, nyuma ya reli, safari ya saa nane. Nikashika fremu ya mlango.

"Tena!" dada akasema. Wakarudia. Wakamfundisha theluji, wakamfundisha kwamba asimpigie mtu kelele za unga. Alikuwa amewaka, mashavu mekundu, anauliza hiki, anauliza kile. Alipochoka akakaa, akapepea uso kwa ukingo wa kanga, akawauliza, "Na nyinyi, katika kutembea kwenu kote, mahali gani mlipapenda kuliko pote?" Kila mtu akasema pake, maji ya moto, kisiwa, ngazi. Wakamuuliza yeye.

"Mimi sijatembea," akasema. "Kutoka kwetu kuja hapa, basi. Ningepewa safari moja kabla ya hii ya ndege, ningekwenda kwetu. Nilione kaburi la mama." Akaweka kikombe chini. "Lakini kwetu pana mwenyewe. Na mwenyewe alishasema."

Hakunitazama alipolisema. Wenzangu ndio walionitazama, kumi wote, vikombe mkononi, karani amenikazia macho kama anayesukuma gari lililokwama. Nikatembea ile njia ya katikati ya ndege, nikapita kwa Jitu, nikafika mbele ya dada yangu nikapiga magoti pale mkekani.

"Nisamehe, dada," nikasema. "Daraja lilikuwa limevunjika kweli. Nilijua wiki ya pili tu. Nilijua siku zote hizo."

Akainama kunisogelea.

"Sikusikia," akasema.

"Nisamehe."

"Sema tena."

"Umesikia wewe!" Ulinitoka, siwezi kujizuia, ndivyo nilivyo. Bosi akafumba macho. Lakini dada alikuwa amenishika kidevu, ameuinua uso wangu, na miwani yake imelowa.

"Nimesikia," akasema. "Ila umenikalisha miaka kumi na tisa. Nataka kumi na tisa. Moja kwa kila mwaka, na useme vizuri, si kwa kufoka."

Nikaanza. Nisamehe, dada. Nisamehe, dada. Karani akaanza kuhesabu kwa sauti, na wengine wakamfuata, chumba kizima, tatu, nne, tano, wanahesabu na wanalia, Jitu analia waziwazi kwenye kitambaa cha mhudumu. Neno lile zito, nililoshindwa kulinyanyua miaka yote, lilipofika la saba likawa linatoka lenyewe, nikawa naona kila mwaka unapita, mwaka mwanawe alipomaliza shule, mwaka mumewe alipofariki nikasikia na nisiende. Lilipofika la kumi na mbili sauti ikaniishia. Akaniziba mdomo kwa kiganja chake, akanivuta kifuani.

"Basi," akasema. "Yaliyobaki nitayachukua kwa simu."

Asubuhi tuligeuza basi kurudi kwetu, na dada yangu ndani. Hakuna aliyelalamika, kila mtu alitaka kukaa naye kiti kimoja, na Jitu ndiye aliyeshinda, akamtajia ng'ombe wote mpaka nyumbani. Siku zilizobaki za likizo walizitumia kumtembeza mji wetu wenyewe, mji ambao sisi tunauona kila siku na hatuutazami. Kaburini alikwenda na mimi. Tulikaa muda mrefu, akampa mama habari zote, za mjukuu, za ndege, za karani na miwani yake ya vipepeo.

Tarehe ishirini na nane aliruka. Binti yake anasema aliingia kwenye ndege akamwambia mhudumu wazi, "Chai." Theluji ameiona, na ngazi amezipanda bila kushikwa mkono. Anapiga Jumapili. Tunaongea, tunagombana kidogo, tunacheka, na kabla hajakata ananyamaza kusubiri, nami nasema moja.

Nimebakiwa na nne. Jumapili hii simu ilikatika kabla sijasema, nikampigia mwenyewe.